Mbanda Wangu na Shimo la Chumba cha Nyuma

Bibi yangu na mimi tulikuwa wake wa mume mmoja. Usishtuke. Kwetu, watu wa asili ya Kasai tuliozaliwa huku Kolwezi, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake tangu siku anayozaliwa, na kwa hiyo bibi yake humwita mbanda, yaani mke mwenza. Mume wetu alikufa kabla mimi sijaota jino hata moja. Hilo halikumaliza ugomvi. Kila asubuhi Kaku, ndivyo tunavyomwita bibi, alinishtaki mbele ya picha ya marehemu iliyoning'inia ukutani.

"Tata, angalia huyu mbanda uliniletea. Jua iko juu, yee angali analala. Hajue kupika bukari, hajue kufagia. Ulimupendea nini?"

"Meno," nikajibu nikiwa bado chini ya blanketi. "Wee uko nayo ngapi?"

"Mbili. Na hizo mbili zinakula kukupita."

Ni kweli, yalikula kunipita. Nilimwona akimaliza kichwa cha samaki wa chumvi mpaka macho, kisha akaomba na cha kwangu.

Matusi ya namna hiyo kati ya bibi na mjukuu si utovu wa adabu kwetu. Ndiyo adabu yenyewe. Mama yangu hawezi kumwambia mama yake hata nusu ya neno. Mimi niliweza kumwambia kwamba kichwa chake kinafanana na sufuria iliyoanguka kwenye ngazi, naye akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akanirudishia jambo baya zaidi kuhusu miguu yangu. Mdomo huu huu ndio unaonifanya nipige magoti mbele ya darasa kila mwalimu wa Kifaransa anapochoka nami. Nyumbani ulikuwa na kazi ya maana.

Kwa hiyo maisha ya Kaku niliyapata kwa njia ya ugomvi. Alikuwa hasimulii; alikuwa anajisifu ili anishinde. Nikilalamika kwamba shuleni ni mbali, yeye alikuwa ametoka Kasai kwa treni akiwa msichana wa umri wangu, siku nyingi, na kuku mmoja ndani ya kapu. Kuku yule alikua pamoja nami. Nilipokuwa shule ya msingi alikuwa kuku. Nilipofika sekondari alikuwa mbuzi. Kama Kaku angeishi mpaka nipate diploma, nadhani angekuwa ameshuka kwenye treni na ng'ombe.

Babu alikuwa ameajiriwa mgodini, na wao wakapewa nyumba ya kampuni pale Musonoi, karibu na mashimo makubwa. Kaku alizaa watoto wanane kwa sauti ya king'ora: king'ora cha asubuhi, babu aende, king'ora cha jioni, bukari, ugali wetu, iwe mezani. Lakini mezani hawakukaa wao tu. Kijana yeyote aliyeshuka kwenye treni akiwa na lugha yetu mdomoni na hana pa kulala, watu wa stesheni walimwelekeza kwake. Alilala chini, kati ya watoto, mpaka apate kazi. Wengine walikaa wiki, mmoja alikaa mpaka akaoa. Nilimuuliza alikuwa analisha watu wangapi.

"Mi najua? Nilikuwa naangalia sufuria, sikuangalia batu. Kama sufuria inalia, nazidisha maji."

Halafu ikaja ile miaka ambayo watu wa asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao. Kaku alizungumza juu ya kila kitu, hata juu ya matumbo ya padri, lakini juu ya hilo alizungumza kidogo. Waliondoka Musonoi na sufuria na magodoro, nyumba ikachukuliwa na wengine, wakakaa stesheni majuma mengi wakingojea treni iliyokuwa haiji. Watoto waliugua. Siku moja akatokea mwanamke Mlunda, mwenyeji wa huku, ambaye alikuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, sokoni, meza yake ikigusana na ya Kaku. Alichukua sufuria kubwa, akaiweka kichwani, akasema, "Kuyeni." Wakamfuata mpaka mtaa wa Kasulo, na pale akachora mstari kwa kisigino katikati ya lupango lake, yaani kiwanja chake, akasema upande huu ni wenu.

Ndiyo nyumba yetu. Ya udongo kwanza, halafu ya matofali ya kuchoma, halafu chumba cha nyuma kilichoongezwa. Mwanamke yule, tunayemwita Mama Jirani, angali hai, mstari haupo tena, lakini Kaku alijua ulipopita. Alipokuwa akifagia alifika pale, akasimama, akafagia na upande wa pili pia.

"Udongo walikupa hauuzishwe," ndilo neno lake. Nilikuwa nadhani ni methali tu, kama nyingine. Wazee wanazo nyingi.

Kisha mtaani kwetu ikajulikana kwamba chini ya nyumba zetu kuna kobalti. Sitaeleza sana, kila mtu anajua Kasulo ilivyokuwa. Watu waliweka turubai sebuleni na kushuka chini. Rafiki yangu wa darasani alikuwa akifanya mazoezi ya hesabu huku kichwa cha baba yake kikitokea sakafuni na kuomba maji. Nyumba zilianza kuegemea kama walevi. Wanunuzi walikuja pia kwetu, na wachimbaji na kamba zao za kupimia. Kaku aliwakaribisha, akawapa bukari na mboga ya lengalenga, akangoja wamalize kunawa, ndipo akawaambia, "Batoto bangu, mumekula. Sasa muende." Hata wana wa Mama Jirani walichimba upande wao. Mama Jirani mwenyewe alikuja kukaa kwetu mchana kutwa ili asione.

Mtu wa hatari alikuwa ndani. Mjomba wangu, mtoto wa mwisho wa Kaku, alirudi nyumbani baada ya biashara yake ya simu kufa, akachukua chumba cha nyuma. Ni mtu mzuri, mjomba. Ndiye aliyenifundisha kupiga miluzi kwa vidole viwili, jambo ambalo mama hajamsamehe. Lakini alianza kufunga mlango kwa kufuli, na alianza kuwa na madini chini ya kucha.

Wakati huo Kaku alikuwa hatembei tena. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa chumba kile. Jumapili moja wote walikwenda misa, nikaachwa nimwangalie. Nilikuwa nachana nywele zake, zile chache, nikimwambia anafanana na mahindi yaliyosahauliwa shambani, ndipo akaweka kidole mdomoni.

Kutoka chini ya sakafu, nyuma ya ukuta: ko, ko, ko.

"Iko panya," akasema.

"Iko panya mukubwa," nikasema.

Tukasikiliza. Ko, ko. Halafu panya akakohoa.

Kaku akanitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini wakati ule yaling'aa kama ya mtoto mbele ya sukari. "Mbanda. Maji mulioshea byombo jana iko wapi?"

"Mu beseni."

"Iko na maganda ya kitunguu?"

"Iko na maganda ya kitunguu na mafuta ya samaki."

"Sasa unangoja nini?"

Kufuli lilikuwa wazi, kwa sababu panya alikuwa chini. Nilisogeza godoro kidogo. Shimo lilikuwa la duara, zuri, nadhifu, refu kama mtu mzima aliyesimama, na mjomba alikuwa ameinama ndani na tochi kichwani. Nilimwaga beseni lote. Nikakimbia. Nilikuwa kitandani kwa Kaku, na kitana mkononi, kabla hajamaliza kutukana.

Mjomba alikuja mezani saa ya chakula, wengine wakiwa wamerudi kutoka kanisani. Alikuwa ameoga, lakini si vizuri. Yalikuwa majira ya kiangazi, miezi mitatu bila tone moja.

"Tata," Kaku akamwita mwanawe kutoka kitandani, kwani naye alimwita baba, kwa sauti tamu sana, "mvua ilikunyeshea wapi?"

Mjomba akafikiri. "Ku kanisa, mama. Maji ya baraka."

"Aaa. Siku hizi padri anatia kitunguu?"

Mama yangu hakuelewa kwa nini nilitoka nje kwa haraka.

Nilifikiri baada ya hapo Kaku angemwita na kumaliza jambo. Hakumwita. Nikamwuliza kwa nini, na kwa mara ya kwanza hakunijibu kama mbanda. Alinijibu kama bibi. Alisema, "Nikimusema mbele ya batu atapata haya. Mwana mwenye haya harudie tena ku nyumba. Mi nalinda nyumba ju arudie. Sasa nilinde nyumba na nimufukuze?" Akanikataza kusema. Alitaka mjomba aje mwenyewe, aseme mwenyewe.

Alikuja, kwa kweli, lakini si kusema alichotaka Kaku. Nilikuwa pale, nikijifanya nasoma. Alikaa chini karibu na kitanda akasema anataka kumpeleka Lubumbashi kwa daktari wa miguu, na pesa ya kufanyia hilo anaitafuta, asimwulize anaitafuta wapi.

"Mi sitaki kupona mu nyumba ya kuanguka," Kaku akasema.

Mjomba alimfunika miguu kwa kikwembe, akaikunja pembe vizuri, akatoka. Na siku ya pili tukasikia tena: ko, ko, ko. Kwa miezi miwili Kaku alilala juu ya sauti ile. Mimi nilikuwa nikigonga ukuta kwa kijiko, kugonga kwa panya, naye Kaku akicheka kidogo. Kidogo tu.

Alikufa asubuhi moja baada ya kulalamika kwamba chai yangu haina sukari. Ilikuwa na vijiko vinne. Niliiongezea cha tano, nikarudi, akawa ameshakwenda. Sitaandika hapa nililia kiasi gani, kwa sababu wasomaji wengine wa ukurasa huu ni wa darasa langu.

Kilio kilijaa lupango mpaka barabarani. Walikuja watu ambao mama yangu hakuwajua: wazee wenye magongo, mmoja na mkufu wa dhahabu, wote wakisema neno moja, "Mi nililala mu nyumba yake." Wale vijana wa treni. Walikuja na unga, kuni, makaa, maji. Mwarabu mmoja wa sokoni, ndivyo tunavyowaita Waislamu wa mashariki hata kama ni weusi kama sisi, alileta mchele na akakaa siku zote tatu mlangoni akisema Kaku alimfundisha kupika sombe na akamcheka kila hatua.

Tulimzika. Tuliporudi kutoka makaburini, nikiwa nyuma ya nyumba naosha mikono, nilimsikia mjomba akimwambia mama yangu kwamba sasa hakuna tena wa kuumia. Wachimbaji wawili wako tayari. Tuhamie kwa kupanga upande wa mjini, nyumba yote ichimbwe, kila mtu apate sehemu yake. Mama alikuwa dada mkubwa, neno lake lilikuwa na uzito. Alitazama chini tu. Na mimi nikaelewa kwamba hajui kusema hapana kwa mdogo wake, hajawahi, tangu alipombeba mgongoni pale stesheni. Na kwamba wiki ijayo hakutakuwa na nyumba.

Sasa, kwetu kuna jambo moja. Siku baada ya maziko, mjukuu huvaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya waombolezaji. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anawasema watu aliokuwa akiwasema. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Na akikuita, unakwenda, unamjibu kama unavyomjibu marehemu. Ukikataa, ni kama umemkataa aliye kaburini. Kazi yake ni kuchekesha, ili kilio kipumue. Kazi hiyo ilikuwa yangu bila kupigiwa kura.

Nilivaa kikwembe chake cha maua ya njano, nikafunga kitambaa kichwani kwa mtindo wake wa kuziba sikio moja, nikakunja midomo juu ya meno, nikatoka na fimbo. Lupango lote likapiga yowe.

"Nani amepika hii bukari?" nikauliza. "Inaweza kujenga choo."

Wakacheka. Nikamwendea mwimbaji wa kwaya, nikamwambia aliniimbia vibaya makaburini mpaka nikataka kutoka nijiimbie. Nikamwendea padri, nikamgusa tumbo kwa fimbo, nikamwuliza ni mwezi wa ngapi. Padri alicheka akalia. Nikamwendea Mama Jirani, nikakaa karibu naye, nikamwambia kwamba sombe yake ilikuwa daima na mchanga. Akaniambia, "Na yako, rafiki yangu, haikuwa na chumvi, sikukuambia ju ya huruma." Watu wakapiga makofi. Nilikuwa naifurahia kazi.

Ndipo nikamwona mjomba amesimama karibu na mlango wa chumba cha nyuma.

"Tata. Kuya hapa."

Akaja, akitabasamu, akapiga goti moja kama inavyotakiwa.

"Ile panya ya chumba yako, inakohoa tena?"

Wengi hawakuelewa lakini walicheka, kwa sababu panya anayekohoa anachekesha. Mjomba alitabasamu bado, lakini jasho lilianza kwenye nywele. Nilikuwa na mzaha mwingine tayari, wa kitunguu. Niliufungua mdomo ili niutoe, na kilichotoka hakikuwa mzaha.

"Tata, mi nililala juu ya ile shimo myezi mbili. Ulikuwa unafikiri mama hasikie mutoto wake akikohoa?"

Kicheko kilikatika. Mtu fulani akasema, "Shimo gani?" Nilitaka kuacha. Nilikuwa nimekatazwa kusema, na hapa nilikuwa nikisema, kwa kikwembe chake mwenyewe. Lakini koo lilikuwa limekwenda mbele yangu.

"Nilisikia, nikanyamaza, ju sikutaka upate haya. Ningali sitaki. Si ulifanya ju ya miguu yangu? Najua. Lakini ile miguu imeenda, haiumie tena. Sasa niambie wewe mwenyewe, kwa mudomo yako. Hii nyumba tunaiacha isimame, ao tunaiangusha?"

Mjomba aliweka goti la pili chini. Alinitazama muda mrefu, na naapa hakuwa akiniangalia mimi.

"Nitafukia, mama," akasema. "Nitafukia."

Akalia, na watu wote wakalia, kilio kikaanza upya kama siku ya kwanza. Shangazi mmoja mzee alinipiga mgongoni kwa kandambili. "Kazi yako ni kuchekesha! Nani amekutuma kuliza batu?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeiharibu mila kabisa. Nilivua kitambaa nikaketi chini.

Neno la mbele ya watu ni neno; mjomba hakujaribu kulirudisha. Aliondoka pale pale, akasogeza godoro, na wanaume wakaingia kutazama. Shimo lilikuwa limeshuka mara tatu ya siku ile ya beseni, na tawi moja lilikuwa limeanza kuelekea chini ya kitanda cha Kaku. Mwenye mkufu wa dhahabu alifanya ishara ya msalaba. Kisha mtu akauliza udongo uko wapi.

Mjomba akatazama sakafu. Udongo haukuwepo. Alikuwa ameutoa kwa mifuko, ukaenda kwa wanunuzi pamoja na mawe yake, na uliobaki aliusambaza barabarani usiulizwe maswali. Tulikuwa na shimo na ahadi, na hatukuwa na cha kutia ndani.

Mama Jirani aliinuka. Alitoka. Tukafikiri amechoka, ni mzee. Alirudi akiwa na beseni kichwani, shingo ikitetemeka, na ndani udongo mwekundu, ule ambao wanawe waliutoa upande wake wakauacha rundo.

"Hii ni ya shimo yetu," akasema. "Kwetu imechelewa. Nimimine hapa."

Akamimina. Ulisikika ukianguka muda mrefu.

Baada ya hapo sikumbuki nani alianza. Akina mama wa kikundi cha sala walichukua mabeseni yaliyoleta unga. Vijana wa mtaa, wachimbaji wenyewe, wale wenye kamba, walibeba mifuko kutoka kwenye marundo ya mashimo yaliyokufa. Wazee wa treni waliokota matofali yaliyovunjika. Waombolezaji waliotoka Musonoi walikwenda kwao na kurudi kesho yake kwa pikipiki, wawili wawili, na mfuko wa udongo wa kule katikati kama abiria wa tatu. Mwarabu wa sokoni alileta mkokoteni mzima, akaniuliza kwa uzito kama Kaku angependa uliochujwa au usiochujwa. Nilimwambia usiochujwa, alikuwa na meno mawili, hakuchagua. Hapo ndipo nilipocheka tena kwa mara ya kwanza, na nikajua naweza kushukuru bila kupiga magoti: kwa sufuria iliyozidishiwa maji, kwa mstari wa kisigino, kwa kila mtu aliyelala kati ya watoto wake na sasa alikuwa amesimama kwenye foleni na udongo kichwani.

Siku ya pili mchana shimo lilikuwa limebaki kina cha kiuno. Mjomba alikuwa ndani, akiukanyaga udongo ushikamane, nasi tukimmiminia. Kutoka kwenye beseni moja likaanguka jiwe jeusi, zito, lenye kung'aa pembeni. Aliliokota. Akalipima mkononi. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, kama anavyofanya mtu anayejua. Sote tukaacha kumimina.

Mama yangu alikuwa mlangoni na beseni lake.

"Muloko wangu," akamwambia mdogo wake, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "mikono yangu inachoka. Pokea."

Mjomba akaliangusha jiwe miguuni, akalikanyaga mpaka likapotea, akanyoosha mikono yote miwili.